Swali la Kiwandani Lifike Maabara

Haya ni maneno niliyoyasema Dodoma mbele ya wakamuaji wa alizeti, watengenezaji wa mvinyo, wakulima wa zabibu, watafiti na wanafunzi wa vyuo. Wengi walioalikwa walibanwa na kazi za shamba wasiweze kufika. Nayaweka yote hapa kwa ajili yao, isipokuwa picha zilizoonyeshwa ukutani.

Mbukwenyi!

Wazee wangu, akina mama, ndugu zangu wenye viwanda, wahadhiri na watafiti, na ninyi vijana wa chuo mliokaa kule nyuma: nawashukuru kwa kuja. Mwenye mashine akiizima asubuhi nzima ili aje kusikiliza maneno, ametoa kitu kikubwa. Nitajitahidi nisiwapotezee muda.

Nimeombwa nizungumzie kongano za viwanda. Kongano ni pale watu wa shughuli moja wanapokuwa jirani na wakafanya kazi kwa kutegemeana: mkulima, mkamuaji, fundi wa mashine, muuza madumu, mwenye lori, mnunuzi wa mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, na mtafiti. Nchi yetu si ngeni kwa jambo hili. Tangu katikati ya miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Tume ya Sayansi na Teknolojia wamekuwa wakihimiza kongano bunifu, na kule Zanzibar akina mama wanaolima mwani walikaa pamoja na mtafiti wa bahari, Dkt. Flower Msuya, wakatoka kwenye kuuza mwani mkavu tu wakaingia kwenye unga wa mwani na sabuni.

Sasa tazameni Kanda ya Kati. Alizeti tunayo, kuanzia Kongwa mpaka Iramba. Zabibu tunazo: Hombolo, Mpunguzi, Chinangali, Bihawana, na tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi nyingi za mvinyo haziliwezi. Soko la nafaka la Kibaigwa linajulikana mpaka nje ya mipaka. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Hombolo kuna kituo cha mtama na uwele. Mpwapwa wanatafiti mifugo tangu enzi za Wajerumani. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kimekuwepo tangu mwaka 2007. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ni ya tangu 1973. Haya yote tunayo!

Mbona basi kila mmoja anahangaika peke yake? Mbona mkamuaji anakaa miaka kumi na tatizo ambalo jibu lake liko kilomita arobaini kutoka kwake? Hilo ndilo lililonileta. Ujirani tunao, mazungumzo hatuna. Na mazungumzo ninayoyataka ni ya aina moja: swali la kiwandani lifike maabara, na jibu la maabara lirudi kiwandani kabla msimu haujapita.

Nianze na Kongwa. Nani hapa ametoka Kongwa? Inueni mikono niwaone. Basi babu zenu waliyaona haya ninayoyasema.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ukaja ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, ukazunguka huku kwa wiki chache, sehemu kubwa angani kwa ndege. Ukarudi kwao na mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu za Afrika Mashariki na Kati, kazi ianzie Kongwa. Mafuta ya kula, ndugu zangu! Ndicho kitu kile kile tunachokitafuta sisi leo.

Fedha walikuwa nazo. Matrekta walikuwa nayo, na yalipopungua wakaleta vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Wafanyakazi walikuwa nao kwa maelfu. Serikali nzima ilikuwa nyuma yao. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na udongo wa Kongwa misimu kadhaa, akapanda kidogo, akapima mvua, akaandika, akasema hapa panafaa na hapa hapafai. Shamba la majaribio halikutangulia. Shamba kubwa ndilo lililotangulia.

Ikawaje? Vichaka na mizizi ya Kongwa vikayavunja matrekta, na kabla mwaka 1947 haujaisha zaidi ya nusu yalikuwa yamelala. Msimu wa kwanza walilenga ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Mchanga mkali ukala meno ya majembe. Udongo wa mfinyanzi, mvua ikishakatika na jua likishawaka, ukashika karanga ardhini zising'oke. Halafu mvua zenyewe zikawa hizi hizi tunazozijua sisi, leo zipo na kesho hazipo. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, pauni milioni 36 zimekwenda.

Mgogo aliyekuwa akilima uwele na mtama na kufuga ng'ombe pale pale, alijua mvua za Kongwa. Nani alimwuliza? Hakuna aliyemwuliza. Leo Kongwa ina ranchi ya taifa na kituo cha utafiti wa mifugo na malisho. Utafiti ulikuja, lakini ulikuja nyuma ya hasara.

Naikumbusha habari hii kwa sababu kila mwaka tunasikia mradi mpya mkubwa unakuja. Mimi sipingi mradi mkubwa. Naomba jambo moja tu: kabla ya trekta la kwanza na kabla ya tofali la kwanza, mtafiti na mwenyeji wawe wameshakaa chini wakasikilizana. Kabla, ndugu zangu. Kabla.

Sasa tuje kwenye mafuta yetu wenyewe, na hapa mtaniwia radhi, nitakaa kidogo, maana ndipo kazi yangu ilipo.

Mmepita barabara ya kwenda Singida saa saba mchana. Pembeni mnaona nini? Madumu. Ya lita tano, ya lita kumi, ya lita ishirini, yamepangwa juu ya meza za mbao, meupe, mafuta yanaonekana ndani yanang'aa kwa jua. Yanapendeza, na dereva wa basi anasimama. Saa ile ile mafuta yale yanaharibika. Mwanga na joto vinaharakisha hewa kuyala mafuta. Mteja ananunua mafuta mazuri, anafika nayo Dar es Salaam, wiki chache baadaye anafungua dumu, yamechacha. Atasema nini juu ya mafuta ya alizeti ya Kanda ya Kati? Atarudi dukani kununua yale ya kutoka nje. Kivuli tu, ndugu zangu! Banda la nyasi, turubai, dumu moja la maonyesho nje na mengine ndani. Hilo halihitaji mkopo wa benki.

Turudi nyuma hatua moja, tuingie kiwandani. Mbegu inamiminwa juu, mashudu yanatoka upande mmoja, mafuta upande mwingine, ya moto, yamefifia rangi. Yanapita kwenye kitambaa cha kuchujia, yanakwenda kwenye dumu. Baada ya siku chache, chini ya dumu kuna tope la kahawia. Mteja akiliona anadhani umechakachua. Akiyaweka jikoni yanatoa povu na moshi. Mkamuaji anachuja tena, anabadilisha kitambaa, tope linarudi. Kwa nini linarudi?

Lile tope kwa sehemu kubwa ni gundi ya asili ya mbegu, nayo inakuwa imeyeyuka ndani ya mafuta, kwa hiyo kitambaa hakiwezi kuikamata. Dawa yake inajulikana siku nyingi. Unapasha mafuta mpaka kama nyuzi 70, unatia maji ya moto kiasi cha asilimia mbili au tatu ya mafuta, unakoroga taratibu, unaacha yatulie. Gundi inakunywa yale maji, inakuwa nzito, inazama. Unafungua koki ya chini, unaitoa. Kisha unayapasha mafuta tena kuondoa unyevu uliobaki. Kinachotakiwa ni pipa lenye koki, kipimajoto, na subira ya usiku mmoja.

Mwanafunzi wa kemia kule mlimani UDOM analijua hili. Huku chini kuna mkamuaji aliyefanya kazi miaka mingi na halijui. Yule mwanafunzi mwaka wa mwisho anatafuta mada ya kuandika, anapekua mitandao ya nchi za mbali. Yule mkamuaji anatafuta dawa, anapekua maduka ya vipuri. Wanapishana kwenye daladala moja!

Kuna mkamuaji mmoja wa Kibaigwa, jina lake nalihifadhi. Alipata mnunuzi wa jumla, akafurahi. Mzigo wa kwanza ukarudishwa, akaambiwa asidi imezidi. Akadhani mashine imechoka, akanunua shafti mpya. Mzigo wa pili ukarudishwa. Akadhani ni kitambaa. Mzigo wa tatu hakuupeleka, mnunuzi alikuwa amekwenda kwa mwingine. Kilichomwangusha kilikuwa ghalani. Alinunua alizeti wakati wa mavuno bei ikiwa chini, ikiwa haijakauka sawasawa, akairundika kwenye magunia sakafuni, bila kichanja, bila hewa. Miezi inapita, mbegu zinapata joto, asidi inapanda, na mashine haiwezi kurudisha kilichoharibika kwenye gunia. Kumwambia hivyo kulitaka chupa moja ya mafuta na kipimo ambacho maabara yoyote ya kemia inakimaliza kwa muda mfupi. Maabara mji huu unazo. Yeye hakujua kama mtu wa aina yake anaruhusiwa kugonga mlango. Na aliyekuwa ndani hakujua kama nje kuna mtu mwenye swali.

Kosa hapo ni la nani? Mimi simlaumu mkamuaji, wala simlaumu aliyekuwa ndani ya maabara. Nasema mlango ule haujawekewa kibao, na kazi ya kongano ni kukiweka.

Lipo jingine linalosemwa pembeni. Mimi nitalisema hapa mbele ya wote. Tunaogopana. Mtu anasema, "Nikimwonyesha jirani ninavyofanya, kesho ananichukulia mteja." Namwuliza: mteja yupi? Zaidi ya nusu ya mafuta ya kula ya nchi hii yanatoka nje. Mashine zote za Singida na Dodoma zikikesha zinakamua, bado hatujaijaza nchi. Mshindani wako anashuka bandarini na meli ya mawese. Jirani yako ni mtu wa kununua naye kipimo cha unyevu kwa kuchangia.

Na watengenezaji wa mvinyo mnalijua hili kuliko wengine. Kila mmoja anatafuta chupa peke yake, vizibo peke yake, lebo peke yake. Kiwanda cha chupa hakitashughulika na oda ya chupa mia tatu. Mkiwa kumi mkaagiza pamoja, mazungumzo yanabadilika siku hiyo hiyo. Kinachowatofautisha ni kilichomo ndani ya chupa. Kwa nini mteseke kila mmoja na kilicho nje yake?

Kule Ghana, mji wa Kumasi, kuna mtaa wa mafundi unaoitwa Suame Magazine. Ni mafundi magari, wachomeleaji, wachonga vyuma, maelfu kwa maelfu, wengi hawakupita darasa la ufundi. Katika mji huo huo kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Mwaka 1972 chuo kikaanzisha kituo cha kushauri wenye viwanda vidogo. Wangeweza kukaa chuoni wakangoja mafundi waje. Lakini mwaka 1980 wakafungua karakana katikati ya mafundi wenyewe, pale pale Suame, penye vumbi na grisi. Fundi anaona mashine ya kukereza vyuma inavyofanya kazi, anajifunza, anatafutiwa ya kwake. Wakafundishana kusubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu. Swali halikupanda kilima kumtafuta mtaalamu. Mtaalamu alishuka akalikuta swali.

Hebu fikirini jambo hilo likifanyika Kibaigwa. Au Mpunguzi wakati wa mavuno ya zabibu, wakati mkulima ana kreti za zabibu zilizoiva kwa pamoja, viwanda vimejaa, na kila siku inayopita bei inashuka na vichala vinalainika. Siku hiyo mkulima hahitaji semina. Anahitaji mtu mwenye kipimo cha sukari mkononi, aliyekuja wiki mbili kabla, akamwambia shamba hili livunwe Jumatatu na lile lisubiri. Anahitaji kikundi kilichopanga zamu ya kupogoa, yaani kukata matawi ya mizabibu, miezi iliyotangulia, ili zabibu zisiive zote siku moja. Anahitaji pipa safi la kuhifadhia mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, na mtu anayejua usafi wake. Kupogoa kwa zamu ni elimu ambayo Makutupora wanaweza kuitoa kesho asubuhi. Lakini zamu haipangwi na mtafiti peke yake, inapangwa na wakulima na kiwanda kinachonunua wakiwa wamekaa pamoja. Ona? Nusu ya jibu ni sayansi, nusu ni makubaliano.

Sasa nigeuke kwa watafiti, na nitasema kwa heshima.

Mwaka 1925, kule Stellenbosch, Afrika Kusini, profesa mmoja wa zabibu aitwaye Abraham Perold alichanganya aina mbili za mizabibu akapata mbegu nne. Akazipanda kwenye bustani ya nyumba aliyopewa na chuo. Mwaka 1927 akahamia kampuni ya mvinyo, miche akaiacha. Bustani ikaota majani. Chuo kikatuma watu waisafishe. Ikatokea mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, akapita pale na baiskeli yake, naye alikuwa anajua kuna miche, akaiokoa. Ndiyo iliyozaa Pinotage, zabibu ambayo leo Afrika Kusini inajulikana nayo duniani kote. Chupa ya kwanza yenye jina hilo ilitoka mwaka 1961. Miaka 36 tangu bustanini!

Wengine huisimulia kama habari ya bahati njema. Mimi inanitia hofu. Kazi ya profesa iliponea baiskeli. Je, kwetu ni miche mingapi imefyekwa? Ni tasnifu ngapi zimekaa kwenye rafu za maktaba, zimeandikwa juu ya alizeti ya Singida, juu ya ugonjwa wa ubwiri unga kwenye zabibu za Hombolo, na mkulima wa Hombolo hajapata hata karatasi moja? Mwanafunzi alikuja akauliza maswali, akachukua sampuli, akaaga. Hakurudi. Akina mama wengi hapa mnatikisa vichwa. Mnajua ninachokisema.

Najua pia kinachombana mtafiti. Anapanda cheo kwa makala alizochapisha. Hakuna fomu inayouliza ni madumu mangapi ya mafuta yameokoka kwa sababu yake. Wakuu wa vyuo mliopo hapa, fomu hiyo mnaiandika ninyi. Iandikeni upya.

Na mtu asidhani haya ni mambo ya biashara peke yake. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu wanaoota kwenye nafaka. Waliougua walikuwa 68. Waliofariki walikuwa 20. Ni watu wa huku kwetu, kwa ugali wa nyumbani kwao. Baada ya hapo watafiti wa hapa nchini, pamoja na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, wakakamilisha dawa iitwayo Aflasafe, iliyotengenezwa kwa kuvu wasio na sumu waliotoka katika udongo wetu wenyewe. Wanatawanywa shambani wakawazidi nguvu wale wenye sumu. Ikasajiliwa mwaka 2018, na kampuni ya Arusha ikaichukua kuitengeneza na kuisambaza. Mtafiti peke yake angebaki na mfuko mmoja maabara. Kampuni peke yake isingekuwa na cha kuuza. Hivyo ndivyo mambo yanavyotakiwa kwenda, na ningeomba safari ijayo tusingoje misiba.

Tufanye nini basi? Nina ombi, nalo ni dogo makusudi, kwa sababu makubwa tumeshayaandika mara nyingi na tunajua yanapoishia.

Tuwe na daftari la maswali. Kila kiwanda kiandike swali moja. Liwe la Kiswahili cha kazi, msitafute maneno makubwa. Andika: mafuta yangu yanatoa povu. Andika: mvinyo wangu unageuka siki ukifika mwezi wa tatu. Andika: gunia la mbegu ya mwaka huu limenipa mafuta pungufu kuliko la mwaka jana. Na pembeni andika unapoteza kiasi gani, hata kwa kukadiria, maana mtafiti akiona hasara anajua uzito wa swali. Wahadhiri mlichukue daftari hilo, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kabla ya kupewa mada aoneshwe kwanza maswali haya. Akilichagua moja, akae kwenye kiwanda hicho wakati wa mafunzo kwa vitendo, ashike ndoo, asikie joto la mashine. Na jibu lirudi. Lirudi kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, libandikwe ukutani kiwandani. Tasnifu iende maktaba, ukurasa ule uende kiwandani.

Kuhusu siri za biashara, tuandikiane kabla ya kuanza: nani analipia vipimo, nini kinaweza kuchapishwa na nini hakiwezi, na likizaliwa jambo jipya la kusajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, jina la nani linaingia. Karatasi moja inatosha, lakini iwe na sahihi. Mashirikiano mengi ninayoyajua yamevunjika kwa sababu watu waliona aibu kuzungumza fedha siku ya kwanza.

Daftari liko kwenye meza ile karibu na mlango. Wenye viwanda, andikeni kabla ya chai, na asiyeshika kalamu vizuri amwambie kijana yeyote wa chuo amwandikie. Vijana, msimsahihishe maneno yake. Watafiti, kila mmoja aondoke na swali moja na namba ya simu ya aliyeliuliza, na ampigie kabla ya wiki kwisha. Tutakutana tena hapa kabla alizeti haijaanza kuvunwa, na siku hiyo sitahutubia mimi. Tutafungua ukurasa wa kwanza, tutamwita mwenye swali na mwenye jibu, wasimame wote wawili.

Asanteni sana.